Anayeitaka kazi ya haki za binadamu ya kimataifa aanzie mahakama za kwao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na vijana wanaosoma sheria, na wazazi wao pia, maana kila mwaka matokeo yakitoka na watu wakianza kuchagua kozi maswali yanakuwa yale yale, mtu anataka kuwa mwanasheria wa haki za binadamu wa kimataifa, sasa aanzie wapi, asome chuo gani cha Ulaya, intanshipu ya Umoja wa Mataifa anaipataje, Kifaransa ni lazima au sio lazima. Maswali sio mabaya. Shida ni majibu, mengi yanampeleka kijana moja kwa moja uwanja wa ndege, na mimi niliyekaa kwenye kazi hii muda mrefu nasema huko ni mbele sana, unakutana nako baadaye, mwanzo uko kwenye mahakama za nchi yako. Na hili silisemi mimi tu kwa kupenda kwangu, sheria yenyewe ndo inasema.

Fungua Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ule uliopitishwa Nairobi Juni 1981 ukaanza kutumika Oktoba 1986, nenda ibara ya 56. Pale kuna masharti saba ambayo malalamiko yoyote yanayopelekwa Tume ya Afrika kule Banjul lazima yatimize, na hayo hayo ndo yanayotumika Mahakama ya Afrika pale Arusha. La tano ndo linaangusha watu wengi: lazima uwe umemaliza njia za ndani, yaani umefungua kesi kwenye mahakama za nchi yako, umekata rufaa, umefika mwisho, au la uonyeshe kwamba kesi inacheleweshwa kupita kiasi. Ulaya ni hivyo hivyo, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg hawakusikilizi mpaka uwe na uamuzi wa mwisho wa mahakama za nchi husika, na tangu Februari 2022 ukishaupata huo uamuzi una miezi minne tu ya kupeleka maombi yako. Mfumo wa nchi za Amerika nao hivyo hivyo. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ile yenye wajumbe 18 inayokaa Geneva, nayo hivyo hivyo. Sasa mwanasheria ambaye hajawahi kusimama mbele ya hakimu hata mara moja, hajui masijala wanataka nini, hajui hati ya kiapo inaweza kukataliwa kwa sababu ya kosa dogo la tarehe, hajui namna ya kufuatilia nakala ya mwenendo wa kesi mpaka ikatoka, huyo atamfikishaje mteja wake huko juu?

Chukua kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila wa Tanzania kuhusu mgombea binafsi. Watu wanaikumbuka hukumu ya Arusha ya Juni 2013 iliyosema kumlazimisha mtu apitie chama ndo agombee ni kuvunja Mkataba, basi, wanaishia hapo. Lakini safari ilianza miaka ishirini nyuma yake. Alienda Mahakama Kuu akashinda 1994, katiba ikabadilishwa kuziba njia ile, akarudi tena Mahakama Kuu akashinda 2006, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge sio la mahakama. Ni baada ya hapo tu ndo mlango wa Arusha ukafunguka. Na majaji wa Arusha walipokaa kuiamua walikuwa na hukumu zote zile mezani, hoja zote zimeshasemwa, zimeshajibiwa, zimeshapimwa. Waliojenga kesi ile ni mawakili wa ndani, kwa miaka mingi, kwenye vyumba ambavyo hakuna aliyeviita vya kimataifa.

Waogiek wa msitu wa Mau kule Kenya nao, hukumu yao ya Arusha ya tarehe 26 Mei 2017 inafundishwa vyuo vikuu dunia nzima, kwamba watu wa asili wana haki juu ya ardhi ya mababu zao na serikali haiwezi kuwatoa kwa kusema tu inatunza mazingira. Safi sana. Lakini moja ya maswali ambayo mahakama ilijiuliza kabla ya kugusa ardhi lilikuwa kama watu hawa wamejaribu nyumbani, na jibu lilikuwepo kwa sababu walishafungua kesi kadhaa kwenye mahakama za Kenya, nyingine wameshindwa, nyingine zimekaa miaka bila kuisha. Bila makaratasi ya kesi hizo, zile zilizoonekana zimepotea bure, hoja ya ardhi isingefikiwa. Ndo maana mimi mtu akiniambia kesi fulani ya nyumbani haina maana kwa sababu itashindwa namwambia ifungue, na uifungue vizuri, uziweke hoja za haki za binadamu humo humo kwenye hati ya madai tangu siku ya kwanza, maana kitu ambacho hukukisema mbele ya mahakama za ndani utapata tabu sana kukisema mara ya kwanza mbele ya majaji wa kimataifa.

Sitaki nieleweke vibaya kwamba mtu ateseke kwenye mahakama ambazo hazifanyi kazi. Tume ya Banjul ilishalijibu hilo mwaka 2000 kwenye kesi ya Dawda Jawara, rais wa Gambia aliyepinduliwa 1994, ikasema njia ya ndani inahesabika kama ipo kweli, inafanya kazi na inaweza kumaliza tatizo, na mtu anayehofia maisha yake hatakiwi arudi ili akafungue kesi. Mahakama ya nchi za Amerika ilishasema kitu cha jinsi hiyo 1988 kwenye kesi ya Velásquez Rodríguez, kijana aliyepotezwa Honduras, kwamba utaratibu ambao upo kwenye karatasi tu hauhesabiki. Na Mahakama ya Afrika Mashariki haina hata sharti hilo la kumaliza njia za ndani, ila wanakupa miezi miwili tu, ikipita umechelewa. Mahakama ya ECOWAS, ile jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, nayo haidai. Ila hata huko angalia kesi ya Hadijatou Mani Koraou wa Niger aliyeuzwa utumwani akiwa na miaka 12, hukumu ya Oktoba 2008 ikasema Niger ilishindwa kumlinda, na kilichoonyesha kushindwa huko ni zile mahakama za Niger zenyewe alizozipitia, mpaka akafungwa jela kwa kuolewa na mwanaume mwingine, eti ana waume wawili, wakati huyo wa kwanza ndo aliyemnunua. Rekodi ya mahakama za ndani ndo ilikuwa ushahidi.

Kuna masharti mengine mawili kwenye ibara hiyo hiyo ya 56 ambayo natamani kila kijana ayajue kabla hajaandika chochote. Moja linakataza lugha ya matusi dhidi ya nchi inayolalamikiwa. Kuna malalamiko dhidi ya Cameroon yalikwama kwenye Tume, na moja ya sababu ni kwamba walioyaandika waliuita utawala ule utawala wa watesaji, na ndani ya malalamiko yale kulikuwa na madai mazito kabisa ya watu kuteswa na kufa vizuizini. Mimi nilivyosoma uamuzi ule niliumia, na naona Tume ilikaza mno. Lakini hilo ndo lililopo, na kijana aliyezoea kuandika mitandaoni kwa hasira ajue kwamba hasira yake, hata kama ni ya haki, inaweza kumfungia mlango mteja. La pili linasema malalamiko yasitegemee habari za vyombo vya habari peke yake. Kwa hiyo hata gazeti hili likiandika kitu kizito kiasi gani, mwanasheria lazima anyanyuke aende akamtafute aliyefanyiwa.

Na hapo ndo kwenye kazi yenyewe, hapo ndo naomba nikae kidogo, maana ndo pasipofundishwa. Umekaa na mtu aliyepigwa akiwa mikononi mwa askari. Humuulizi "walikupiga kwa nyaya?" maana hapo umeshamwekea jibu mdomoni na wakili wa serikali akiliona tu ameshaukamata ushahidi wako. Unamuuliza "halafu ikawaje?" unanyamaza, unamwacha. Hakumbuki tarehe, humlazimishi tarehe, unamuuliza mvua zilikuwa zimeanza au bado, mtoto wake alikuwa darasa la ngapi, ilikuwa kabla ya uchaguzi au baada, mpaka mnafika kwenye wiki. Unamuuliza chumba kilikuwa na dirisha upande gani, alisikia sauti gani za nje, aliyekuja asubuhi alivaa nini. Unaandika kwa maneno yake sio kwa maneno yako ya kisheria, unamsomea, anasahihisha, anasaini kila ukurasa. Halafu unampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo ikiwezekana, kwa sababu jeraha la leo mwezi ujao litakuwa kovu tu na kovu linabishaniwa. Kuna mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa namna ya kurekodi mateso, Itifaki ya Istanbul ya 1999, uliboreshwa 2022, unapatikana bure, usome mpaka uchoke. Picha na video za kwenye simu nazo zina utaratibu wake, unataka faili halisi kutoka simu iliyopiga, sio ile iliyorushwa WhatsApp kwa watu kumi, maana ikisharushwa zile taarifa za saa na mahali zinapotea, na tangu 2020 kuna Itifaki ya Berkeley inayoelekeza ushahidi wa mtandaoni unavyokusanywa na kutunzwa. Anayejua haya vizuri anahitajika kila mahali, na hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji viza.

Ukitaka mfano wa mtu aliyeipita njia hii mtazame Navi Pillay. Binti wa dereva wa basi, Durban, wakati wa ubaguzi wa rangi, akamaliza sheria akakosa ofisi ya kumwajiri kwa sababu ya rangi na kwa sababu ni mwanamke, 1967 akafungua ofisi yake mwenyewe. Akatetea waliokamatwa na makaburu miaka karibu 30. Mume wake alipowekwa kizuizini alienda mahakamani kuzuia asiteswe, na 1973 akashinda kesi iliyowapa wafungwa wa Robben Island haki ya kuonana na mawakili. Hapo hakuna mtu aliyekuwa anamwita mwanasheria wa kimataifa. Baadaye akawa jaji wa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha, jaji mwanamke pekee wakati ule, na kwenye kesi ya Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, hati ya mashtaka ilianza bila shtaka la ubakaji hata moja. Mashahidi wakaanza kusimulia waliyofanyiwa wanawake, jaji yule akauliza, akafuatilia, hati ikarekebishwa Juni 1997, na tarehe 2 Septemba 1998 ikatoka hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ya kwanza kusema ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji hayo. Mimi naamini kabisa mtu aliyesikiliza wateja waliovunjwa kwa miaka 30 ndo anayejua kwamba shahidi akisita pale kuna kitu nyuma yake. 2008 akawa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Yote hayo yamejengwa juu ya ile ofisi ya Durban.

Sasa suala la intanshipu, na hili naliongea kwa uchungu. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi maintern wake, unajilipia nauli, unajilipia chumba, unajilipia bima, Geneva au New York, miji yenye gharama kubwa kuliko karibu yote duniani. Mwaka 2015 kulikuwa na kijana intern Geneva ikaja kujulikana analala kwenye hema, dunia ikashtuka wiki moja ikasahau. Taasisi ambayo azimio lake la haki za binadamu la tarehe 10 Desemba 1948, ibara ya 23, linasema kila afanyaye kazi ana haki ya ujira wa haki, haiwezi kuendelea kuchuja watumishi wake wa kesho kwa kuangalia nani ana wazazi wenye pesa. Hilo lisemwe kila siku mpaka libadilike. Ila kwa kijana ambaye familia haina, ninachomwambia ni usiuze shamba, usikope, kwa ajili ya miezi sita ya kutengeneza faili za watu Geneva. Tangazo la kazi ya daraja la P-3 kwenye Umoja wa Mataifa linadai kwa kawaida miaka mitano ya uzoefu, na miaka hiyo ukiipata kwenye kampuni ya mawakili ya kwenu, au kituo cha msaada wa sheria, ukiwa unakwenda mahakamani kweli, inahesabika, na kwenye usaili utakuwa na kitu cha kusema ambacho mwenzako mwenye intanshipu tatu hana.

Kitu kingine, watu wanadhani kazi hii iko upande wa kuishtaki serikali tu. Serikali nazo zinahitaji hawa watu, tena sana. Kila nchi iliyoridhia Mkataba wa Afrika inatakiwa ipeleke ripoti kila miaka miwili chini ya ibara ya 62, kuna ripoti za mikataba ya Umoja wa Mataifa, kuna ile tathmini ya Baraza la Haki za Binadamu ambayo kila nchi inapitiwa zamu kwa zamu, na lazima kuwe na mtu anayeziandika. Akiwa ni mtu anayejua na anayejali, ripoti inasema ukweli, ikirudi na mapendekezo anayafuatilia wizarani, sheria mbaya inaondolewa bila mtu yeyote kwenda mahakamani. Nimewaona mawakili wa serikali wa namna hiyo na nawaheshimu sawa sawa na wenzao wa upande wa pili. Sio usaliti hata kidogo.

Kuhusu masomo nitasema kwa ufupi. Masta ni nzuri lakini nenda ukiwa umeshafanya kazi angalau kidogo, utasoma kwa macho mengine. Kifaransa jifunze, nusu ya kazi za Banjul na Arusha inakutana nacho, na The Hague kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai lugha za kazi ni Kiingereza na Kifaransa. Kama chuo chako kina timu ya mashindano ya kesi za mfano ingia, yale ya Afrika yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Pretoria yapo tangu 1992 na ukiwa humo utaisoma hiyo ibara ya 56 mpaka uiote. Na jifunze kuandika. Yaani kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka, wenye tarehe, wenye mtiririko, usio na maneno makubwa. Majaji wanasoma mengi.

Najua vijana wataniuliza, mbona milango yenyewe inafungwa? Kweli, ili mtu binafsi aende Arusha moja kwa moja nchi yake lazima iwe imetoa tamko la kuruhusu chini ya ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha Mahakama ya Afrika, na Rwanda ililiondoa 2016, Tanzania 2019, Benin na Côte d'Ivoire 2020. Ni hasara kubwa na mimi sitaacha kudai matamko hayo yarudi. Ila Tume ya Banjul haihitaji tamko hilo, na Tume yenyewe ina uwezo wa kupeleka kesi Arusha, ndivyo ilivyofanya kwa Waogiek mwaka 2012. Na mlango ukifungwa juu thamani ya mwanasheria anayejua kuzitumia hoja za kimataifa ndani ya mahakama za nchi inapanda, maana hakimu wa ndani ndo anabaki kuwa mtu pekee wa kumwambia haya mambo.

Ombi langu kwako Mhariri. Arusha wakitoa hukumu magazeti yetu huwa yanaandika nani kashinda na kiasi cha fidia, aya mbili tatu, imeisha. Naomba waandishi wako waandike na kesi ilianzia mahakama gani, mwaka gani, ilipita wapi, na mawakili waliokuwa nayo tangu chini. Hukumu ziko kwenye tovuti ya mahakama bure na vikao vya kusikiliza kesi viko wazi kwa mtu yeyote. Na muwe mnarudi baada ya mwaka, miaka miwili, kuuliza hukumu imetekelezwa au la. Ile ya fidia ya Waogiek ilitoka tarehe 23 Juni 2022, shilingi za Kenya milioni 157.85 pamoja na amri ya kupewa hati ya ardhi ya jamii, na kufuatilia utekelezaji wake ni kazi ya kisheria kama zilivyo kazi nyingine zote nilizozitaja, iko ndani ya nchi, kwenye wizara na ofisi za ardhi, na inahitaji vijana sasa hivi.

Ni mimi msomaji wako,
Wakili wa kujitegemea